Tusiifiche kweli kwenye fomu ya bima

Hakuna fahari inayompumbaza kijana kama gari lake la kwanza. Mwalimu aliyeajiriwa juzi huchukua mkopo katika chama cha ushirika, akanunua gari kuukuu, kisha akamkabidhi fundi. Injini ndogo hung'olewa ikatiwa kubwa, au pikapu ikajengewa bodi ya kubebea abiria. Gari linalotoka gereji silo lililoandikwa katika kitabu cha usajili.

Tatizo huzuka siku ya kukata bima. Aghalabu kampuni humtoza dereva mchanga ada ya juu, au humtaka abebe sehemu kubwa zaidi ya hasara, kwa kuwa tajiriba yake ni haba. Gari lililogeuzwa nalo huongeza shaka. Ili kukwepa gharama, kijana huyaficha marekebisho hayo, au husema kuwa babake ndiye atakayeliendesha.

Hapo ndipo anapojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Bima ni mkataba wa uaminifu. Jaji Mansfield wa Uingereza aliieleza kanuni hiyo mwaka 1766: mwenye kuomba bima ndiye ajuaye siri za mali yake, hivyo yampasa kuzifichua. Hapa Kenya, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, huipa kampuni nafasi ya kwenda mahakamani, katika muda uliowekwa, kuomba mkataba utanguliwe iwapo jambo muhimu lilifichwa.

Huenda asiye na gari akauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Sheria hiyo humlazimu mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia wengine, hadi shilingi milioni 3 kwa kila anayedai. Mkataba ukitanguliwa, mwanafunzi aliyegongwa akivuka barabara hubaki akimdai kijana asiye na kitu ila mshahara na deni la mkopo.

Siwatetei wenye kampuni. Fomu zao za Kiingereza kizito na herufi ndogo zimewaponza wengi. Hata hivyo, dawa ya fomu ngumu si uongo. Kabla fundi hajashika spana, kijana na aiulize kampuni itamtoza ngapi. Kazi ikiisha, gari likaguliwe na NTSA na maelezo ya usajili yabadilishwe. Kisha aiarifu kampuni kwa maandishi na kulihifadhi jibu. Akikataliwa hapa, abishe hodi kwingine. Ada ikimshinda, basi gari libaki lilivyoundwa.

Kanuni hii imo katika somo la Biashara katika shule zetu za upili, lakini hukaririwa kwa ajili ya mtihani tu na kusahauliwa langoni. Walimu na waifundishe kwa fomu halisi mkononi, nao wanafunzi waisome kama watu watakaotia sahihi kesho.

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Kadhalika, mficha injini halipwi; hulipa yeye.