Ada ya dirishani ni kodi kwa mgonjwa

WENGI wetu tukisikia neno bajeti huwaza bei ya unga, mafuta ya taa na nauli ya matatu. Ni wachache wanaofikiria dawa. Ilhali makadirio yanayosomwa Bungeni kila Juni ndiyo huamua iwapo mgonjwa atamwona daktari mapema, au atangoja hadi ashindwe kusimama.

Serikali ina njia tatu kuu za kupata pesa za matibabu. Ya kwanza ni kodi. Ya pili ni bima, ambapo watu huchanga wakiwa wazima. Ya tatu ni kumtoza mgonjwa ada anapofika hospitalini. Hii ya tatu ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu humtoza mtu siku ambayo hawezi kufanya kazi.

Kenya ilijionea hayo. Desemba 1989, serikali ilianzisha mpango wa kuchangia gharama. Katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti waligundua kuwa idadi ya wanaume waliofika kila mwezi ilishuka hadi asilimia 40 ya ile ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Hao waliobaki nyumbani hawakuwa wamepona. Ada ya kujiandikisha ilisimamishwa Septemba 1990, kisha ada nyingine zikarejeshwa hatua kwa hatua. Mwaka wa 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zilipunguzwa hadi Sh10 na Sh20, na Juni 2013 zikaondolewa.

Lakini kuondoa ada pekee hakutoshi. Zahanati ikikosa pesa za serikali, mgonjwa huandikiwa dawa akanunue nje. Hiyo pia ni ada. Mwenye shinikizo la damu akikosa vidonge kwa miezi michache, anaweza kupata kiharusi, na gharama ya kumtibu wodini hupita mbali bei ya vidonge hivyo.

Tangu Oktoba 2024, wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya SHIF. Hata hivyo, huduma za zahanati na vituo vya afya zina mfuko wake, unaotegemea pesa zinazotengwa na Bunge. Zikitengwa kidogo, mgonjwa hurudishwa dirishani.

Mwaka wa 2001 jijini Abuja, Nigeria, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya bado haijafika huko. Njia moja ya kuziba pengo hilo ni kuongeza ushuru wa sigara na pombe. Bei ikipanda, watumiaji hupungua, hasa vijana. Kodi hiyo huleta pesa na papo hapo kupunguza wagonjwa.

Msomaji, Kifungu cha 201 cha Katiba kinakupa nafasi ya kushiriki katika masuala ya fedha za umma. Kaunti yako itakapoita wananchi kujadili bajeti, nenda uulize: ni pesa ngapi zimetengewa dawa, mbali na mishahara? Na za mwaka jana zilifika zahanati? Ni heri kuuliza sasa ukiwa mzima.