Kwa nini filamu za kutisha za utotoni hazisahauliki

Mwulize mtu yeyote aliyekulia karibu na kibanda cha video miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huenda hakumbuki alipata alama ngapi kwenye mtihani wa hesabu darasa la nne. Lakini atakueleza vizuri kabisa jinsi mzimu ulivyotoka kaburini ukiwa umepakwa poda nyeupe usoni, na jinsi yeye mwenyewe alivyorudi nyumbani usiku ule akitembea katikati ya barabara, mbali na migomba.

Mwonyeshe filamu hiyohiyo leo kwenye simu, atacheka. Poda inaonekana. Meno ya jini ni ya plastiki. Radi inapiga wakati jua linawaka. Hata hivyo hataizima. Ataiangalia hadi mwisho, kisha atamwita jirani waangalie tena.

Kwa nini iwe hivyo? Katika makala haya tunaeleza filamu hizo zilitoka wapi, zilitengenezwaje, hofu ya utotoni inafanya nini ndani ya ubongo, na ni wapi hofu hiyo inaacha kuwa mchezo.

Zilitufikiaje

Vijiji vingi havikuwa na umeme. Mtu mmoja mwenye jenereta, deki na televisheni aliweza kufungua kibanda, akaning'iniza magunia kuzuia mwanga, akapanga mabenchi na kutoza kiingilio kidogo. Nchini Tanzania watu waliviita vibanda umiza, na aliyewahi kukaa humo saa mbili juu ya ubao mwembamba hahitaji kuelezwa sababu.

Mikanda mingi ilitoka nje: ya ngumi kutoka Hong Kong, ya vita kutoka Marekani, ya mapenzi na nyimbo kutoka India. Kisha ikaja ya Nigeria. Mwaka 1992 mfanyabiashara wa vifaa vya elektroniki, Kenneth Nnebue, alitoa filamu iitwayo Living in Bondage, iliyochezwa kwa lugha ya Kiigbo. Ni kisa cha Andy, mwanamume anayejiunga na kundi la siri, anamtoa kafara mkewe Merit ili apate utajiri, kisha mzimu wa mkewe unamwandama. Filamu hiyo haikutegemea majumba ya sinema. Iliuzwa kwenye kaseti za video, na mauzo yake yaliwaonyesha wengine kwamba filamu ya gharama ndogo inaweza kurudisha fedha. Mwaka 1994 ikafuata Nneka the Pretty Serpent, kisa cha mwanamke mrembo mwenye nguvu za kishetani. Nyingine nyingi zikaiga njia hiyo.

Tanzania nayo ikapata filamu zake. Mwongozaji Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwaka 2003 na Shumileta mwaka 2005, na watazamaji wakaona majini na mizimu ikizungumza Kiswahili, katika nyumba na mitaa inayofanana na yao. Kwa filamu za kigeni walikuwepo watafsiri kama Lufufu, ambaye sauti yake ilieleza kila kitu, pamoja na mambo ambayo hayakuwemo kabisa kwenye filamu. Wengi wetu tulijua mapema kwamba steringi hafi. Tatizo la filamu za kutisha ni kwamba hazikufuata sheria hiyo, na hapo ndipo matumbo yalipoanza kuunguruma.

Zilitengenezwaje

Ujanja mkubwa wa filamu hizi ni wa zamani kuliko televisheni. Mwaka 1896 mfanyamazingaombwe wa Ufaransa, Georges Méliès, alitengeneza filamu ya dakika kama tatu kuhusu shetani ndani ya jumba la kale. Wengi wanaihesabu kuwa filamu ya kwanza ya kutisha duniani. Ndani yake watu wanatokea na kutoweka ghafla. Njia ni rahisi: kamera inasimamishwa, mwigizaji anaondoka, wengine wanabaki bila kusogea, kisha kamera inaendelea. Mtazamaji anaona mtu ameyeyuka hewani. Majini mengi yaliyotoweka kwenye mikanda ya miaka ya 1990 na 2000 yalitoweka kwa njia kama hiyo.

Damu nayo ina siri zake. Katika filamu ya Psycho ya Alfred Hitchcock, iliyotoka mwaka 1960, damu inayotiririka bafuni ni sharubati ya chokoleti. Filamu haikuwa ya rangi, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Sauti ya kisu ikiingia mwilini ilipatikana kwa kulichoma tikiti kwa kisu.

Dude kubwa la Japani liitwalo Godzilla, lililoanza kuonekana mwaka 1954, lilikuwa mtu ndani ya vazi zito la mpira akikanyaga nyumba ndogo za kuchezea. Mngurumo wake ulitokana na glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari na kuburuzwa juu ya nyuzi za zeze kubwa la kizungu. Na katika filamu ya Jaws ya mwaka 1975, papa wa mashine aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi. Mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kumficha kwa sehemu kubwa ya filamu na kuuachia muziki utangulie kusema kwamba anakuja. Watu wakaogopa zaidi, kwa sababu kila mmoja alimchora papa wake kichwani.

Sisi wa redio tunalifahamu jambo hili vizuri. Hofu nyingi huingia kwa sikio. Ukitaka kuhakikisha, fungua filamu inayokutisha kwenye simu yako, kisha zima sauti. Utaona watu wanaokimbia huku na huku bila sababu ya maana.

Ubongo unafanya nini

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, umbo lake kama lozi, iitwayo amigdala. Kazi yake mojawapo ni kupiga kengele ya hatari. Ikishtuka, mwili unamwaga homoni ya adrenalini: moyo unaenda mbio, viganja vinatoka jasho, misuli inakaza tayari kwa kukimbia. Kengele hiyo hupiga kabla hujapata muda wa kufikiri. Ndiyo maana unaruka kitini hata unapojua kwamba unatazama kioo tu.

Kengele hiyo hufanya jambo la pili. Huuambia ubongo utunze kumbukumbu ya tukio hilo vizuri, kwa sababu mnyama anayesahau mahali alipomwona simba hadumu. Ubongo hauchagui kati ya simba wa kweli na mzimu wa poda. Kwa hiyo wimbo wa filamu, harufu ya moshi wa jenereta, mkono wa kaka uliokushika shati gizani, vyote vinahifadhiwa pamoja. Miaka 20 baadaye, ukisikia wimbo ule, kibanda kizima kinarudi.

Lakini mbona tunaipenda hofu hiyo? Kwa sababu baada ya kengele kupiga, sehemu nyingine ya ubongo inaleta habari njema: upo salama. Mwili bado umechemka, hatari haipo, na msisimko unageuka kuwa furaha. Ndiyo sababu baada ya mayowe hufuata kicheko. Bibi zetu waliijua siri hii zamani. Walisimulia hadithi za mazimwi usiku, jikoni, watoto wakiwa wamebanana, na kila aliyeogopa alikuwa na mtu wa kumwegemea. Kibanda cha video kilichukua kazi hiyohiyo kikaongeza jenereta.

Mbona ubovu wake unapendeza

Filamu za kutisha za leo zina majini yaliyochorwa kwa kompyuta, kila unywele mahali pake. Lakini watu wazima wengi wanarudi kwenye zile za zamani. Sababu ni tatu.

Ya kwanza, ubovu unaturuhusu kushinda. Kile kilichotunyima usingizi tukiwa na miaka minane sasa tunakiona kina zipu mgongoni. Kumcheka ni kama kukutana ukubwani na yule aliyekuwa akikupiga shuleni, ukakuta umemzidi kimo.

Ya pili, filamu hizo zilituachia kazi. Picha ilikuwa na chenga, kaseti ilikuwa imechoka, nusu ya uso wa mzimu haikuonekana. Tulijazia wenyewe, na kitu ulichokijaza mwenyewe kinabaki kuwa chako.

Ya tatu, tunachokikumbuka ni watu zaidi ya filamu. Wapo tuliokaa nao benchi moja ambao leo wako mjini, na wapo walio kaburini. Watayarishaji wa filamu wanalijua hilo. Living in Bondage ilipata mwendelezo mwaka 2019, na Nneka the Pretty Serpent ikatengenezwa upya mwaka 2020. Waliolengwa ni pamoja na watoto wa zamani ambao sasa wana watoto wao.

Pale hofu isipoisha

Si kila aliyeogopa aliishia kucheka. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Kristen Harrison na Joanne Cantor, walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Karibu tisa kati ya kila kumi walikumbuka filamu au kipindi kilichowatisha utotoni, na karibu robo yao walisema bado kuna woga uliobaki.

Umri una maana kubwa. Mtoto mdogo, hasa chini ya miaka saba, huogopa sura. Hajali kama mwenye sura hiyo ni mwema. Katika utafiti mwingine uliomhusisha Cantor, watoto wadogo walimwogopa Hulk, lile jitu la kijani la televisheni, hasa mtu wa kawaida alipogeuka kuwa jitu, ingawa jitu hilo huja kuokoa watu. Watoto wakubwa walielewa. Kwa hiyo kumwambia mtoto wa miaka minne kwamba huo ni uongo tu hakumsaidii sana. Mbebe, zima simu, mpe kitu cha kufanya au cha kunywa. Maelezo yatafaa akishakua.

Lipo pia jambo zito zaidi, na hatuwezi kulipita. Filamu nyingi za wakati ule zilimwonyesha mchawi kwa sura moja: mwanamke mzee, anaishi peke yake, macho mekundu. Na zilionyesha utajiri ukipatikana kwa kafara ya binadamu. Filamu hazikuanzisha imani hizo. Imani zilikuwepo kabla ya kaseti ya kwanza kufika. Lakini filamu zilizipa picha, tena picha iliyotunzwa na ubongo kwa nguvu ileile tuliyoieleza hapo juu.

Madhara yake si mchezo. Nchini Tanzania, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi. Mara nyingi macho hayo yametokana na miaka mingi ya kupika kwa kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Ni moshi. Vilevile watu wenye ualbino wameshambuliwa na kuuawa kwa sababu ya uongo kwamba viungo vya miili yao huleta mali. Mwigizaji wa mchawi alinawa uso na kwenda kula na wenzake. Bibi jirani hana cha kunawa.

Ukiangalia na watoto

Leo kibanda kimehamia kiganjani. Filamu zilezile ziko kwenye simu, na mtoto anaweza kuziangalia peke yake chini ya shuka, bila kaka wa kumshika shati. Hilo ndilo badiliko kubwa. Hofu iliyokuwa ya watu arobaini sasa ni ya mtoto mmoja. Tunapendekeza mambo machache.

Kaa naye. Usisubiri hadi aamke usiku akilia.

Usimwekee filamu hizi muda mfupi kabla ya kulala, na usimlazimishe kuangalia ili awe jasiri.

Mweleze waliomo ni waigizaji. Kama ana miaka minane au zaidi, tengeneza naye mzimu. Weka simu juu ya jiwe ili isitikisike, anza kurekodi, mwambie asimame mbele ya mti. Sitisha kurekodi, aondoke, kisha endelea. Akijiona anatoweka atakuwa amejifunza ujanja wa Méliès wa mwaka 1896, na hatadanganywa nao tena kirahisi.

Mwisho, filamu ikishaisha, mwulize ni nani alionyeshwa kuwa mchawi na kwa nini. Kisha mtume apeleke maji au kuni kwa bibi wa jirani, akae naye kidogo, amsikilize akisimulia hadithi. Huenda bibi anajua za kutisha kuliko zile za kwenye simu.