Riwaya zisizo na maneno zinavyosimulia maisha ya mhamiaji

JE, hadithi yaweza kusimuliwa bila neno hata moja? Wakazi wa Homa Bay hawana haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Katika kisiwa cha Mfangano, miamba ya Kwitone na Mawanga ina michoro ya miduara, myekundu na myeupe, inayohusishwa na Watwa, jamii ya wawindaji walioishi huko kabla ya Abasuba kuwasili kutoka upande wa Uganda. Lugha ya wachoraji hao haisikiki tena kisiwani, michoro ingalipo.

Kusema kwa picha pekee ndiyo mbinu aliyoitumia Shaun Tan, msanii wa Australia ambaye babake alihamia huko kutoka Malaysia, katika riwaya yake The Arrival (2006). Mwanamume anaiacha familia yake na kuvuka bahari. Urefu wa safari unaonyeshwa kwa picha ndogo 60 za mawingu. Afikapo ugenini, anachora kitanda ili aombe chumba. Apatapo kazi ya kubandika matangazo, anayabandika kichwa chini kwa kuwa hajui maandishi ya huko.

Hapo ndipo ilipo siri ya utanzu huu. Maandishi yanayoonekana kitabuni ni ya kubuni, hivyo msomaji, awe profesa au mtoto wa chekechea, hayaelewi. Anageuka kuwa mgeni sawa na mhusika, naye hulazimika kusoma nyuso, mikono na vitu. Maneno yangemweleza upweke wa mhamiaji. Picha zinamtwika upweke huo.

Ugeni wa aina hiyo si jambo geni Nyanza Kusini. Huko Migori, kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2018, zilikaliwa kwa zamu na jamii mbalimbali zilizokuja na kuondoka. Abasuba nao, wengi wao sasa huzungumza Dholuo, na UNESCO imeitaja lugha yao, Olusuba, miongoni mwa zilizo hatarini.

Kwa jamii kama hiyo, kitabu kisicho na maneno kina faida ya pekee. Nyanya asiyejua kusoma anaweza kukifungua pamoja na mjukuu wake na kumsimulia kila ukurasa kwa Olusuba. Picha haihitaji mfasiri. Inahitaji msimulizi, na msimulizi huyo angali hai.