Istilahi za Projekta ya Nyumbani: Neno Moja, Vipimo Viwili

1. UTANGULIZI

Projekta ni mashine inayotupa picha kwa nguvu ya mwanga juu ya kiwambo au ukuta. Zamani mashine hii ilikuwa mali ya majumba ya sinema, vyuo na ofisi kubwa. Siku hizi huuzwa katika maduka ya kawaida, na watu wa kipato cha wastani huinunua ili watazame sinema au mpira sebuleni pamoja na jamaa zao. Kwa sababu hiyo, maneno ambayo awali yalikuwa ya mafundi peke yao sasa yameingia katika matangazo, katika vitabu vya maelekezo, na katika maswali ambayo watu huwauliza walimu na wafasiri.

Makala haya yana nia ya kueleza istilahi kuu za mashine hii na kupendekeza jinsi ya kuzitaja kwa Kiswahili. Hatukusudii kumpendekezea mtu chapa ya kununua. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba katika somo hili, mahali pengi, watengenezaji hutumia neno moja kwa vipimo viwili vilivyo mbali sana. Mfasiri akilihamisha neno hilo bila kulipambanua, humkabidhi msomaji fumbo lile lile katika lugha nyingine. Mwenye fedha nyingi akidanganyika, hununua mashine ya pili. Mwenye fedha kidogo hukaa na ile ya kwanza kwa miaka.

2. MWANGA, MWANGAZA NA MNG'AO

Jambo la kwanza linaloandikwa kwenye boksi la projekta ni lumeni. Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka katika chanzo. Lakini chanzo kipi? Hapa ndipo shida inapoanzia. Mtengenezaji mmoja hupima mwanga utokao kwenye lenzi, yaani ule unaofika ukutani. Mwingine hupima mwanga wa taa iliyo ndani ya mashine, kabla haujapita katika vioo, vichungi na lenzi ambavyo hula sehemu kubwa ya mwanga huo. Wote wawili huandika "lumeni". Ndiyo maana mashine ndogo ya bei nafuu huweza kutangazwa kuwa ina lumeni maelfu, na hali mwanga unaofika ukutani ni lumeni mia moja au mia mbili tu.

Kipimo cha kuaminika ni kile kinachofuata kanuni inayojulikana. Kanuni iliyoenea zaidi ilitokana na Taasisi ya Viwango ya Kitaifa ya Marekani, ANSI, katika miaka ya 1990. Projekta hutupa picha nyeupe tupu. Picha hiyo hugawanywa katika sehemu tisa zilizo sawa. Mwanga hupimwa katikati ya kila sehemu. Kisha wastani wa vipimo hivyo huzidishwa kwa eneo la picha. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, nalo lina kanuni yake, ISO 21118, inayoeleza jinsi ya kutaja sifa za projekta. Boksi lisilotaja ama ANSI ama ISO limetaja namba tu.

Kwa mintarafu ya istilahi, twapendekeza mambo matatu yapambanuliwe, kwa kuwa Kiswahili kina maneno ya kutosha:

(a) Mwanga utokao: jumla ya mwanga unaotoka kwenye lenzi. Kipimo chake ni lumeni.

(b) Mwangaza: mwanga uliolifikia eneo fulani la ukuta au kiwambo. Kipimo chake ni laksi, yaani lumeni moja kwa kila mita moja ya mraba.

(c) Mng'ao: mwanga unaorudi kutoka kiwamboni na kuingia katika jicho la mtazamaji. Kipimo chake ni kandela kwa mita ya mraba.

Upambanuzi huu una faida ya papo hapo. Chukua picha ya inchi 100, ukipima kutoka pembe hadi pembe, katika umbo la 16 kwa 9 lililozoeleka sasa. Upana wake ni mita 2.21 na kimo chake mita 1.25; eneo lake ni kama mita za mraba 2.76. Projekta yenye lumeni 500 za kweli italeta hapo laksi 181 hivi. Gawanya kwa 3.14, na juu ya ukuta mweupe usiong'aa utapata mng'ao wa kandela 58 hivi kwa mita ya mraba. Majumba ya sinema za dijitali hutumia kiwango cha kandela 48. Hivyo lumeni 500 za kweli zinatosha kwa picha pana ya nyumbani, mradi chumba kiwe na giza.

Sasa chukua mashine dhaifu ya lumeni 150 za kweli. Kwa inchi 100 italeta kandela 17 tu, na picha itakuwa hafifu. Lakini ukiipunguza picha hadi inchi 60, eneo hushuka na kuwa karibu mita moja ya mraba, na mng'ao hupanda na kufika kandela 48 zile zile za jumba la sinema. Kwa mwenye fedha kidogo, basi, njia ya kwanza ya kuongeza mng'ao ni kupunguza ukubwa wa picha, nayo haina gharama.

3. WEUPE NA WEUSI

Boksi hutaja pia uwiano wa mwanga wa sehemu nyeupe na wa sehemu nyeusi ya picha, mathalani 10,000 kwa 1. Twapendekeza uitwe uwiano wa weupe na weusi, jina ambalo mtu wa kawaida hulielewa bila kufundishwa. Mfasiri aangalie kama uwiano huo umepimwa katika picha moja, au kwa kulinganisha picha nyeupe tupu na picha nyeusi tupu huku mashine ikiwa imepunguza taa yake. Wa kwanza aweza kuuita uwiano wa picha moja, na wa pili uwiano wa picha mbili. Wa pili aghalabu huwa mkubwa mno, na haumwambii mnunuzi mengi.

Zaidi ya hayo, projekta haiwezi kutupa weusi. Weusi wa picha ni mahali ambapo mashine haikutupa mwanga, na mahali hapo hapawezi kuwa peusi kuliko ukuta wenyewe ulivyo. Kama taa ya sebuleni inaleta laksi 50 ukutani, weusi wa picha utakuwa laksi 50, na weupe wa mashine yetu ya lumeni 500 utakuwa laksi 231. Uwiano uliobaki hautimii 5 kwa 1, hata boksi liseme nini. Pazia zito na swichi ya taa ni sehemu za vifaa vya sinema ya nyumbani, na yafaa ziingizwe katika hesabu ya fedha kabla ya kufikiria mashine yenye nguvu zaidi.

4. PIKSELI: ASILIA NA ZINAZOPOKEWA

Picha ya dijitali imejengwa kwa nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli. Ndani ya projekta mna kipande kinachoziunda nukta hizo. Katika aina moja ni kioo cha kimiminika. Katika aina nyingine ni vioo vidogo mno vinavyopinduka, ambavyo Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments alivivumbua mwaka 1987. Idadi ya nukta za kipande hicho haibadiliki. Hiyo ndiyo idadi asilia ya pikseli.

Lakini mashine huweza kupokea picha yenye nukta nyingi kuliko zake na kuipunguza. Projekta yenye pikseli 800 kwa 480, yaani 384,000 kwa jumla, huweza kupokea picha ya 1920 kwa 1080, yenye pikseli 2,073,600. Ili kuionyesha, hutupilia mbali zaidi ya nne ya tano za pikseli hizo. Kwenye boksi, hata hivyo, namba inayoandikwa kwa herufi kubwa ni 1080, pamoja na neno ambalo wafasiri wengi hulifasiri kwa "inawezesha" au "inakubali". Mnunuzi husoma 1080 na kudhani kwamba ndicho atakachokiona.

Twapendekeza pawe na istilahi mbili zisizochanganyika: pikseli asilia na pikseli zinazopokewa. Mfasiri akikuta namba moja tu, asiongeze neno "asilia" kwa kukisia. Amwulize mteja wake. Kwa sinema nyumbani, pikseli asilia 1920 kwa 1080 ni lengo zuri, na 1280 kwa 720 huvumilika kwa picha ndogo. Chini ya hapo, maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya filamu huanza kusumbua macho.

5. MTUPO NA UNYOOSHAJI

Kila projekta ina uwiano kati ya umbali wake kutoka ukutani na upana wa picha. Kwa kuwa mashine hutupa picha, twaona neno mtupo lafaa, na uwiano huo uitwe uwiano wa mtupo. Chumba cha mita 3, ukiacha sentimita 30 kwa ajili ya mashine na nyaya zake, kina mtupo wa mita 2.7. Mashine yenye uwiano wa 1.2 itatoa humo picha yenye upana wa mita 2.25, karibu inchi 102. Yenye uwiano wa 1.5 itatoa upana wa mita 1.8 tu, karibu inchi 81. Kugawanya mara moja kabla ya kwenda dukani kwatosha kujua.

Mashine ikiwekwa chini na kuinuliwa pua, picha hupanuka juu na kusinyaa chini. Marekebisho yake, katika lugha nyingine, yamepewa jina la jiwe la katikati ya tao la mlango. Kulifasiri jina hilo neno kwa neno ni kumtafutia msomaji jiwe ambalo halimo ndani ya mashine. Unyooshaji wa picha unatosha. Hapa napo kuna aina mbili. Unyooshaji wa lenzi husogeza lenzi yenyewe, na pikseli zote hubaki kazini. Unyooshaji wa kidijitali huikata picha ndani ya kipande cha pikseli na kuziacha nyingine bila kazi. Hivyo hupunguza nukta na mwanga pamoja. Mashine nyingi za bei nafuu zina huu wa pili tu. Dawa yake ni meza ya kimo kinachofaa.

6. MAISHA YA TAA

Maneno "maisha ya taa" humfanya msomaji afikiri juu ya siku ambayo taa itazimika. Kwa kawaida mtengenezaji hakusudii hivyo. Hukusudia muda ambao mwanga utakuwa umeshuka hadi nusu ya ule wa kwanza. Twapendekeza muda wa nusu mwanga. Mtu anayenunua projekta kuukuu iliyotoka ofisini ataelewa mara moja kwamba mashine iliyouzwa ikiwa na lumeni 3000 huenda sasa ina 1500, ingawa inawaka vizuri.

Taa za zamani zenye zebaki hudumu saa elfu kadhaa. Kwa saa mbili kila siku, saa 3,000 ni kama miaka minne. Taa za LED na za leza hutajwa mara nyingi kwa saa 20,000 au zaidi, ambazo kwa matumizi hayo hayo zapita miaka 27. Mnunuzi wa mashine kuukuu hapana budi aulize mambo mawili: saa ambazo taa imekwisha kuwaka, nazo huonyeshwa katika orodha ya mipangilio ya mashine nyingi, na bei ya taa mpya, ambayo huweza kukaribia bei ya mashine yenyewe.

7. KIWAMBO

Kwa kitambaa kinachopokea picha, watu wengi husema skrini, na neno hilo limekwisha kukubalika. Hata hivyo kiwambo, kutokana na kitenzi kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma, hueleza vyema kitu kilichotandazwa na kukazwa. Skrini laweza kubaki kwa uso wa televisheni na kompyuta. Mwenye fedha kidogo atambue kwamba shuka hupitisha mwanga kwa nyuma na hufanya mikunjo. Ukuta laini uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni bora kuliko shuka.

8. HITIMISHO

Hayo tuliyoyaeleza kwa sebule yanahusu pia darasa na ofisi. Mtumishi anayeandika mahitaji ya zabuni akisema "projekta ya lumeni 3000, pikseli 1080", mzabuni aweza kuleta mashine ya mwanga hafifu na pikseli 384,000, na bado akadai ametimiza masharti. Akiandika "mwanga utokao usiopungua lumeni 3000 kwa kipimo cha ISO 21118, pikseli asilia 1920 kwa 1080", mlango huo umefungwa.

Kwa muhtasari, istilahi tunazopendekeza ni hizi:

Mwanga utokao: mwanga unaotoka kwenye lenzi, kwa lumeni.
Mwangaza: mwanga unaofika kiwamboni, kwa laksi.
Mng'ao: mwanga unaorudi kwa mtazamaji, kwa kandela kwa mita ya mraba.
Uwiano wa weupe na weusi: wa picha moja, au wa picha mbili.
Pikseli asilia: nukta za mashine yenyewe.
Pikseli zinazopokewa: nukta za picha ambayo mashine huweza kuipokea.
Uwiano wa mtupo: umbali uliogawanywa kwa upana wa picha.
Unyooshaji wa picha: wa lenzi, au wa kidijitali.
Muda wa nusu mwanga: saa za taa hadi mwanga wake ushuke nusu.
Kiwambo: kitambaa kilichowambwa ili kupokea picha.

Wasomaji, hasa wafasiri wa vitabu vya maelekezo na walimu wa sayansi, wanaombwa wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao na kutuletea maoni, pamoja na maneno bora zaidi ikiwa wanayo. Tusichopaswa kukubali ni neno moja kuendelea kubeba vipimo viwili.