Mwanao Apenda Michezo ya Kompyuta? Mwache Atunge Wake

Wazazi wengi hulalamika kwamba watoto wao hushinda wakicheza michezo ya kompyuta na kusahau vitabu. Lakini je, umewahi kumuuliza mwanao michezo hiyo hutungwa vipi? Mtie shime atunge wake, na aanzie kwenye mashine kuukuu ya Game Boy.

Mashine hiyo ya mkononi ilitolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka wa 1989. Kwa kuwa haina kibodi, programu zake huandikwa kwenye kompyuta ya kawaida, kwa mfano kwa lugha ya C, kisha hufasiriwa na programu nyingine iitwayo kompaila. Kwa kawaida kompaila hutoa amri za kompyuta ile ile inamokaa. Hii ni tofauti: imo ndani ya kompyuta yako, lakini hutoa amri zinazoeleweka na Game Boy.

Kompaila ya aina hiyo imo katika GBDK-2020, mkusanyo wa vifaa unaotolewa bila malipo. Kompyuta iliyotumika yatosha. Wala si lazima ununue Game Boy, kwani zipo programu zinazoiiga mashine hiyo kwenye kompyuta, ziitwazo emuleta.

Ugumu uko wapi? Game Boy ina kumbukumbu ya kazi ya baiti 8,192 tu. Skrini yake ina nukta 160 kwa 144, za vivuli vinne pekee. Tena baiti moja haibebi nambari inayozidi 255. Ukiweka alama za mchezaji humo, akifika 255 na kupata moja zaidi, alama zote hurudi sufuri! Dawa ni kutumia baiti mbili, ambazo hufika 65,535. Lakini hapo umekula kumbukumbu zaidi. Kupanga ni kuchagua, na mashine ndogo humfunza kijana hesabu hiyo mapema.

Wewe mwanafunzi, usikimbilie kutunga mchezo mzima. Anza na mraba mmoja unaosogea ukibonyeza kitufe. Ukifaulu, ongeza ukuta, kisha alama. Haba na haba hujaza kibaba.

Nawe mzazi, keti kando yake umuulize kwa nini alama zimerudi sufuri. Akikueleza ukaelewa, jua kwamba saa zake hazikupotea bure.