Nimonia na vitamini D: Usimcheleweshe mtoto hospitali



Kila inapoingia Juni, baridi ya Nyanda za Juu Kusini huja na vikohozi vya watoto. Aliyekaa Uyole, Mafinga au Iringa mjini anajua hali inavyokuwa. Mtoto huvikwa sweta mbili na kuzungushiwa khanga juu yake, jiko la mkaa huingizwa chumbani na dirisha hufungwa. Kikohozi kikizidi, wapo wazazi wanaokwenda duka la dawa kununua matone ya vitamini D, kwa kuwa wamesikia yanaongeza kinga na kutibu kichomi. Habari hii ina ukweli ndani yake, na ina hatari.

Tuanze na hatari. Nimonia ni maambukizi yanayojaza majimaji na usaha katika vifuko vya hewa vya mapafu, hata mtoto akakosa pumzi. Inapoletwa na bakteria, kinachomwokoa ni antibiotiki, mara nyingi amoksisilini ya vidonge vya kuyeyusha katika maji. Aliyezidiwa hulazwa, akapewa sindano na oksijeni. Vitamini D haifanyi kazi hiyo. Mzazi anayempa mtoto matone na kungoja siku mbili aone, ameupa ugonjwa siku mbili. Ni hivyo hivyo kwa anayempeleka mtoto kukatwa kimeo au kuchanjwa chale kifuani. Kumsomea mtoto dua ni jambo jema, lakini msomee mkiwa njiani kwenda zahanati. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba, na kutawakali hakuzuii kupanda daladala.

Utaitambuaje nimonia? Mwache mtoto atulie, mfunue kifua, kisha hesabu pumzi zake kwa dakika nzima ukitazama saa au simu. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Lakini ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, amepatwa na degedege au amelegea haamki vizuri, usihesabu wala usisubiri asubuhi.

Sasa habari ya vitamini D imetoka wapi? Haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti kutoka Addis Ababa, Ethiopia, mji wa milimani wenye baridi kama yetu. Watoto 500 wenye nimonia walilinganishwa na 500 wasiokuwa nayo. Katika wagonjwa, 210 walikuwa na matege, yaani mifupa laini kwa kukosa vitamini D. Katika wale wengine walikuwa 20 tu. Jua la Ethiopia si haba, lakini jua halimfikii mtoto anayefungiwa ndani au kufunikwa gubigubi. Mbavu zikiwa laini, kifua hakivuti hewa sawasawa na makohozi hayatoki.

Watafiti wakajiuliza: basi tukiwapa vitamini D wenye nimonia, watapona haraka? Jibu lilitafutwa Kabul, Afghanistan, mji wa Waislamu ulio mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Mbeya. Watoto 453 waliopewa antibiotiki waligawanywa, wengine wakaongezewa dozi moja kubwa ya yuniti 100,000. Matokeo yaliyotoka mwaka 2010 yalionesha kuwa hawakupona mapema kuliko wenzao, ila waliorudiwa na nimonia ndani ya siku 90 walikuwa pungufu: asilimia 45 dhidi ya 58. Watu walifurahi. Kisha utafiti mkubwa zaidi, wa watoto zaidi ya 3,000 mjini humo humo, ukatoka mwaka 2012. Walipewa dozi ile kila miezi mitatu kwa mwaka mmoja na nusu. Haikuzuia nimonia, na kurudiwa na ugonjwa kulikuwa kwingi zaidi kwa waliopewa vitamini! Kwa sababu hiyo daktari wako akiandika antibiotiki bila vitamini D, hajakupunja.

Na usiongeze dozi kwa kukisia. Kiwango cha kawaida cha mtoto mchanga ni yuniti 400 kwa siku, na vitamini hii mwili hauitoi upesi kwa mkojo. Ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu, mtoto akatapika, akakosa choo, na figo zikaumia. Pia msiichanganye na matone ya vitamini A ambayo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa kila baada ya miezi sita. Hayo ni mengine, na msiyakose.

Hata hivyo mtoto anaihitaji vitamini D, na Allah (s.w.t.) ameiweka karibu. Mbeya na Iringa ziko karibu na ikweta kiasi kwamba hata Julai jua linatosha. Wamasai na Wahadzabe wa nchi hii waliopimwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2012, walikutwa na vitamini D ya kutosha kabisa, nao hawanunui matone. Mtoe mtoto saa tatu au saa nne asubuhi, upande wa nyumba usio na upepo, mikono na miguu ikiwa wazi, uso ukiwa kivulini. Dakika 15 hadi 30, siku kadhaa kwa wiki, zinafaa. Jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii. Nawe mama, ndani ya ua wako pasipo wasio maharimu, kunja mikono uote naye, kwani maziwa yako yana vitamini D kidogo, na hupungua zaidi ukikosa jua. Usiache kunyonyesha, miaka miwili kamili imetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 233.

Jiko la mkaa litoke chumbani. Moshi wa jikoni huongeza nimonia, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa umeua familia nzima. Angalieni pia kadi ya kliniki: chanjo ya nimokoko, iliyoanza kutolewa nchini 2013, na ile ya pentavalenti, hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Wengine huuliza uhalali wake. Vitamini D3 nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya sufu ya kondoo, lakini ganda la kapsuli laini linaweza kuwa la jelatini ya nguruwe. Kwa mtoto aliyeandikiwa na daktari, ombeni ya matone, na msome maandishi ya boksi. Ikiwa mlikwishampa matone yoyote kabla ya kufika hospitali, nendeni na chupa yenyewe mkononi, daktari aione.