Mshumaa na Kitabu

Michael Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mwana wa mhunzi maskini. Alipopata umri wa miaka 14 alitiwa kazini kwa mtu wa kutia vitabu majalada huko London. Vitabu alivyovishona, alivisoma pia. Na aliyoyasoma aliyajaribu kwa mikono yake, kadiri ya senti zake chache. Hivyo akawa mtaalamu mkubwa. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1860 aliwafundisha vijana habari za mshumaa tu, na mafunzo hayo yakapigwa chapa mwaka 1861. Kitabu hicho chafaa kusomwa hata leo.

Basi nanyi jaribuni, mwalimu akiwapo. Washeni mshumaa mfupi, mkaufunike kwa bilauri baridi iliyo kavu. Kwanza, bilauri itaingia ukungu wa maji: moto wenyewe umeyafanya. Pili, ulimi wa moto utapungua na kuzimika, kwa maana moto hula oksijeni iliyo hewani. Kisha tieni upesi maji safi ya chokaa katika bilauri ile, mtikise. Yatageuka meupe kama maziwa, ndiyo alama ya hewa ya ukaa.

Jambo hili si mchezo. Makaa yawakayo penye hewa haba hutoa hewa nyingine yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Kwa hiyo msilale kamwe katika chumba kilichofungwa penye jiko la makaa. Ajuaye sababu ya onyo halisahau.